Kimo cha Mombasa kutoka angani: mwongozo kamili wa data ya mwinuko iliyopimwa kwa rada

Kuna faili moja, jina lake S05E039.hgt, ya megabaiti 26 hivi, iliyobeba kimo cha nchi yote kuanzia Kisiwani Mombasa, ukavuka Likoni, ukashika Diani na Msambweni hadi Lunga Lunga. Ndani yake hamna picha wala ramani. Mna namba tu, karibu milioni 13, safu juu ya safu, na kila namba ni mita juu ya usawa wa bahari. Ni bure. Mwenye laptopu ya kawaida na bando la kutosha anaweza kuichukua asubuhi, na jioni akawa na ramani ya kontua (mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja) za mtaa wake, mikondo ya mito na mahali vilima vinapoanzia.

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo kitufe cha kupakua hakikuambii. Rada iliyopima namba hizi haikuuona udongo pale penye mikoko, iliviona vichwa vya mikoko. Haikuiona mitaro ya mtaa wa Majengo wala makalavati ya barabarani. Msimamo wangu ni huu, na utakutana nao tena huko mbele: data hii inaijua sura ya nchi vizuri kuliko inavyokijua kimo cha mahali pamoja. Iulize maji yataelekea wapi, mwinuko unaanzia wapi, mnara huu utaonana na ule au la. Usiiulize kama maji yatapita kizingiti cha nyumba ya mtu.

Rada ilivyopima

Tarehe 11 Februari 2000, huku kwetu kaskazi ikivuma, chombo cha anga Endeavour kilirushwa kutoka Florida kikiwa na wanaanga sita. Kilitua tarehe 22 mwezi huohuo. Kazi ilikuwa moja: kupima nchi kavu iliyo kati ya latitudo ya 60 kaskazini na 56 kusini, yaani takriban asilimia 80 ya ardhi yote ya dunia. Mradi huo hujulikana kwa herufi SRTM. Uliendeshwa na NASA pamoja na shirika la ramani la jeshi la Marekani, Ujerumani na Italia zikiwa washirika.

Ujanja ulikuwa katika antena mbili. Ya kwanza ilikaa ndani ya ghala la chombo, ya pili kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60 uliokunjuliwa huko huko angani. Antena ya ndani ikirusha mawimbi, mwangwi ukirudi hupokelewa na zote mbili. Kwa sababu zimeachana, mwangwi huzifikia kwa tofauti ndogo mno, sehemu tu ya wimbi moja. Ukiijua tofauti hiyo, na ukajua antena zimeachana kiasi gani na mlingoti umeelekea wapi, unaweza kukokotoa kimo cha mahali mwangwi ulipotokea. Rada haingoji jua wala haijali mawingu, ndiyo maana siku 11 zilitosha.

Wimbi kuu lilikuwa na urefu wa sentimita 5.6. Wimbi fupi namna hiyo hugonga majani na matawi likarudi kabla halijafika chini, na likikuta bati au dari ya zege halina pa kupenya. Mlingoti nao ulitikisika kidogo. Mtikisiko huo ulisahihishwa kwa hesabu, lakini mabaki yake yapo bado, na kwenye nchi tambarare utayaona kama mistari hafifu iliyolala upande.

Kwa miaka mingi sisi wa nje ya Marekani tulipewa data ya pikseli, yaani viraba, za mita 90. Ile ya mita 30, yaani sekunde 1 ya tao, ilianza kufunguliwa Septemba 2014, na Afrika ndiyo iliyotangulia kupewa.

Ipi uchukue

Majina ni mengi na yanachanganya, lakini kwa kazi za hapa pwani yanayokuhusu ni machache.

SRTM ya mita 30 ndiyo ya zamani na ndiyo inayotajwa kila mahali. Namba zake ni mita kamili, hazina desimali. NASADEM ni data hiyohiyo iliyochakatwa upya na kutolewa mwaka 2020, ikiwa na mapengo machache zaidi. Ukitaka nchi ilivyokuwa mwaka 2000, chukua NASADEM.

Copernicus ya mita 30, ambayo utaikuta imeandikwa GLO-30 au COP30, ilitokana na setilaiti mbili za Kijerumani, TerraSAR-X na TanDEM-X, zilizoruka bega kwa bega na kupima kati ya 2011 na 2015. Hapa hakuna mlingoti. Nafasi kati ya setilaiti na setilaiti ndiyo inayofanya kazi ya mlingoti. Kwa kazi yoyote mpya, mimi huanza na hii. Ni safi zaidi kwenye tambarare, na pwani yetu ni tambarare.

FABDEM, iliyotoka Chuo Kikuu cha Bristol mwaka 2022, ni Copernicus iliyoondolewa miti na majengo kwa kompyuta iliyofundishwa kuyakisia. Inasaidia sana, ila leseni yake hairuhusu kazi ya biashara. Kama mteja anakulipa, soma masharti kwanza.

Utakutana pia na ASTER. Hiyo ilitengenezwa kwa picha za kawaida wala si kwa rada, na mawingu yaliisumbua. Ipite.

Hatua ya kwanza: jua vipande vyako

Data hugawanywa vipande vya digrii moja kwa digrii moja, na kila kipande huitwa kwa kona yake ya kusini-magharibi. Hapo ndipo wengi hupotea. Kisiwa cha Mombasa kiko kama latitudo 4.05 kusini, kwa hiyo mtu hudhani kipande chake ni S04. Sicho. Kona ya chini ya kipande chenye Mombasa iko digrii 5 kusini, ndipo likaja jina S05E039.

Kuna na jingine. Mstari wa digrii 4 kusini unalikata jiji letu upande wa kaskazini, maeneo ya Bamburi. Kisiwani, Nyali, Changamwe, Likoni, zote ziko S05E039. Shanzu, Utange, Mtwapa, na huko bara Mazeras na Rabai, ziko kipande cha S04E039. Mto Kombeni huteremka kutoka upande wa Rabai ukaingia mkono wa bahari wa Tudor, maana yake chanzo kiko kipande kimoja na mdomo wa Tudor uko kingine. Ukichukua kipande kimoja utapata mto uliokatwa kichwa. Chukua vyote viwili hata kama unadhani kimoja kinakutosha.

Hatua ya pili: kupakua

Njia mbili zinatosha.

Ya kwanza ni EarthExplorer ya idara ya jiolojia ya Marekani. Fungua akaunti, ni bure. Sogeza ramani hadi Mombasa, chora mraba, kisha kwenye orodha ya seti fungua "Digital Elevation", halafu "SRTM", halafu "SRTM 1 Arc-Second Global". Ukipewa aina za faili, chagua GeoTIFF.

Ya pili ni OpenTopography, na ndiyo ninayoipendelea kwa mwenye bando dogo, kwa kuwa unachora mraba wako nayo inakukatia eneo hilo tu, vipande vikiwa vimeshaunganishwa. Ina SRTM, NASADEM na Copernicus. Angalia sana jina la unachobofya. SRTM iko pale mara mbili, moja ya kawaida na nyingine yenye neno "Ellipsoidal". Hiyo ya pili usiiguse, sababu zinakuja hivi punde.

Kwa mraba wa kuanzia, chukua latitudo 3.85 hadi 4.20 kusini na longitudo 39.45 hadi 39.80 mashariki. Humo mna kaunti yote ya Mombasa, Rabai, Mazeras na sehemu ya Kwale. Ukiandika kusini kwenye kisanduku, tanguliza alama ya kutoa, -4.20, la sivyo utaletewa kipande cha kaskazini mwa ikweta.

Hatua ya tatu: ijaribu kabla hujaiamini

Fungua QGIS, nayo ni programu ya bure, na uburute faili ndani. Utaona mraba wa kijivu, bahari nyeusi, vilima vyeupe. Sasa chukua kitufe cha "Identify", kile chenye herufi i, uanze kubofya mahali unapopajua.

Bofya baharini, mbali na ufuo. Unatakiwa upate 0. Kisha nenda uwanja wa ndege wa Moi, katikati ya njia ya kurukia. Hapo ndipo pazuri kuliko pote jijini kwa jaribio hili: pana, wazi, hapana mti wala jengo, na kimo chake rasmi kinafahamika, futi 200, yaani mita 61. Njia ya ndege si sahani, ina mteremko wake, kwa hiyo usishangae ukipata mita chache juu au chini. Ukipata 30 au 90, kuna jambo.

Jambo lenyewe mara nyingi ni hili. Kimo hupimwa kutoka mahali fulani pa sifuri, na sifuri ziko za aina mbili. Moja ni elipsoidi, umbo la hesabu la dunia ambalo GPS hulitumia. Nyingine ni jioidi, ambayo kwa lugha nyepesi ni pale ambapo bahari ingetulia kama kusingekuwa na upepo wala kupwa na kujaa. Kwetu Mombasa hivi viwili havikutani: jioidi iko chini ya elipsoidi kwa mita kati ya 25 na 30. Kwa hiyo anayepakua faili ya elipsoidi hupata Nyali iliyozama, Kisiwani chini ya bahari, na uwanja wa ndege kwenye mita 30 na kitu. Data haijaharibika, sifuri yake tu si ya baharini. SRTM ya kawaida hutumia jioidi iitwayo EGM96, Copernicus hutumia EGM2008. Tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo, ila ukizilinganisha pikseli kwa pikseli ikumbuke.

Angalia pia upeo wa namba. Kipande cha S05E039 kinaingiza Shimba Hills, hivyo namba ya juu kabisa ni mita 400 na ushei. Ukiona elfu tatu, una faili ya mahali pengine. Ukiona -32768, hiyo ndiyo namba iliyowekwa kuwakilisha pengo, mahali rada haikupata mwangwi wa kuaminika. Fungua sifa za tabaka, nenda "Transparency", uiandike kama namba isiyo na data. Usipofanya hivyo, wastani wako wote utaharibika na ramani itakuwa nyeupe tupu.

Hatua ya nne: unganisha, kata, geuza

Kama ulichukua vipande viwili, nenda menyu ya "Raster", "Miscellaneous", "Merge". Ukitaka eneo dogo, "Extraction" kisha "Clip Raster by Extent".

Kisha geuza viwianishi, yaani namba zinazotaja mahali, kutoka digrii kwenda mita. Tumia "Warp" iliyo chini ya "Projections" na uchague EPSG:32737, yaani WGS 84, UTM kanda ya 37 kusini. Weka pikseli ya mita 30. Palipoandikwa njia ya kukokotoa upya, usiache "Nearest Neighbour" inayokuja yenyewe, chagua "Bilinear" au "Cubic". Ukiiacha ile ya mwanzo utapata mistari ya ngazi kwenye kila mteremko, nawe utafikiri ni rada.

Onyo kwa wanaofanya kazi na ramani za zamani za Kenya: nyingi zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, si WGS 84. Mifumo hii miwili inaachana kwa kama mita 300. Ukiweka mpaka wa ploti ya Bombolulu juu ya data ya mwinuko bila kutaja mfumo wake, ploti itakaa mtaa mwingine na hakuna kitakacholia. QGIS inaujua mfumo huo wa zamani kwa namba EPSG:21037. Itaje, nayo itahamisha yenyewe.

Hatua ya tano: kivuli na kontua

Anza na kivuli kabla ya kontua, kwani jicho hugundua kasoro upesi kwenye kivuli. "Raster", "Analysis", "Hillshade". Ikiwa faili yako bado iko kwenye digrii, matokeo yatakuwa meusi na meupe ya kutisha, kwa sababu programu inadhani mita moja ya kimo ni sawa na digrii moja ya ardhi. Ukiwa umeshageuza kama nilivyosema, utaiona nchi yenyewe: ukingo wa pwani ulio karibu tambarare, Changamwe ikipanda, kisha mabonde yaliyochimbwa yanayoshuka kutoka Mazeras na Rabai kuelekea Tudor na Port Reitz.

Kontua ziko "Raster", "Extraction", "Contour". Kwa SRTM tumia nafasi ya mita 10. Kwa Copernicus unaweza kwenda mita 5. Programu itakukubalia hata mita 1, na ramani itapendeza kwa wingi wa mistari, lakini utakuwa unachora kelele. SRTM haina hata desimali. Kontua ya mita 1 juu yake ni ukingo wa pikseli uliopewa rangi. Copernicus ina desimali nyingi, nazo zisikudanganye: usahihi uliotangazwa ni chini ya mita 4 kwa asilimia 90 ya mahali, hata ikupe desimali ngapi.

Kontua zikiwa na meno, lainisha kwanza rasta, yaani ile faili ya namba, kwa "r.neighbors" ya GRASS, mkusanyiko wa zana unaotumika ndani ya QGIS, wastani wa pikseli 3 kwa 3, ndipo uchore. Usilainishe kontua zenyewe baada ya kuchora, zitakatana.

Hatua ya sita: maji yanakwenda wapi

Hapa data hii inalipa. Usahihi wa Copernicus kati ya pikseli na pikseli jirani, kwenye miteremko ya kawaida, umetangazwa kuwa chini ya mita 2, bora kuliko ule wa kimo chenyewe. Maji hayaulizi uko mita ngapi juu ya bahari. Yanauliza jirani yupi yuko chini yangu.

Washa GRASS ndani ya QGIS kama haijawashwa, kisha tafuta "r.watershed". Ipe rasta yako iliyogeuzwa. Palipo na ukubwa wa chini wa bonde andika 1000. Pikseli elfu moja za mita 30 ni karibu kilomita moja ya mraba, na hiyo inatosha kutoa mito bila kutoa kila kijito cha masika. Huna haja ya kufukia mashimo kabla, zana hii huyapita yenyewe. Utapewa tabaka kadhaa. Unazozihitaji ni ile ya wingi wa maji yanayopita kila pikseli, ile ya mwelekeo, na ile ya mikondo.

Sasa tafuta mkondo wa Kombeni unapoingia sehemu ya juu ya Tudor. Chukua viwianishi vya nukta iliyo juu ya mkondo wenyewe kabla tu ya maji ya chumvi, uvipeleke kwa "r.water.outlet" pamoja na tabaka la mwelekeo. Utarudishiwa eneo lote ambalo mvua yake huishia pale. Nukta isipokaa barabara juu ya mkondo, utapewa eneo la pikseli tatu. Isogeze pikseli moja ujaribu tena. Mwachi, unaoingia Port Reitz, hauwezi kuufanya kwa mraba niliokupa, kwa kuwa vyanzo vyake viko mbali bara. Panua mraba upande wa magharibi.

Bara, kwenye vilima vya mawe ya mchanga na udongo, mikondo hiyo utaiamini. Ukishuka kwenye ukanda wa matumbawe mambo hubadilika. Kisauni na Nyali zimekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye vinyweleo, na maji mengi huzama chini badala ya kutiririka juu, hivyo kompyuta inaweza kuchora mto mahali ambapo hajawahi kuuona mtu. Mjini ndiyo kabisa. Mtaro wa upana wa mita moja haumo katika pikseli ya mita 30. Tuta la barabara linaweza kuonekana, lakini kalavati lililo chini yake halionekani, kwa hiyo maji ya kompyuta hukwama nyuma ya barabara wakati maji ya kweli yamepita. Mji wa Kale, nyumba zilivyobanana vile, rada ilipima mapaa. Ukileta kwangu mkondo wa maji wa Mji wa Kale uliotokana na SRTM, nitakuomba uufute.

Ufuo, bamvua na mikoko

Karibu kila mtu akishajua kutumia "Raster Calculator", kikokotoo cha QGIS, hufanya jambo lilelile: huandika kwamba kila pikseli iliyo chini ya mita 2 ipakwe buluu, halafu huisambaza ramani ikisema hapa patazama. Tulitazame kwa karibu.

Kwanza, sifuri. Sifuri ya data hii ni takriban wastani wa usawa wa bahari. Lakini bahari ya Kilindini haikai kwenye wastani. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita 3, maana yake maji yakijaa hupanda mita moja na nusu hadi karibu mbili juu ya sifuri hiyo, bila dhoruba wala mabadiliko ya hali ya nchi. Maji mafu ni kidogo zaidi. Na jedwali la maji la bandari halianzii kwenye wastani huo, huanzia karibu na kupwa kwa chini kabisa, ndiyo maana linakuandikia mita 3 na nusu siku ambayo maji hayajapanda mita 2 juu ya sifuri yako. Anayeichukua namba ya jedwali akaiweka moja kwa moja kwenye rasta ameshaizamisha nusu ya ufuo kabla hajaanza.

Pili, mikoko. Fungua tabaka la picha ya setilaiti chini ya rasta yako, uende kingo za Tudor upande wa Mikindani na Jomvu. Bofya katikati ya mikoko. Utapata mita kadhaa juu ya bahari. Sasa waulize wavuvi wa hapo: bamvua likijaa, mizizi yote huwa majini. Tope liko karibu na sifuri, ila rada imepima majani, kama anayepapasa blanketi akadhani amekigusa kitanda. Kasoro hii ni ya kutegemewa kiasi kwamba watafiti wa NASA waliigeuza kazi: walitumia SRTM kukadiria urefu wa mikoko ya Afrika, kwani chini ya mikoko ardhi inajulikana ilipo. Kwa mwenye ramani ya mafuriko, kasoro hiyohiyo ni ukuta wa uongo unaoizunguka mitaa iliyo nyuma ya mikoko na kuionyesha salama. Minazi ya Likoni hufanya hivyo pia, kwa kiasi kidogo, kwa kuwa imeachana.

Tatu, miaka. SRTM haina kituo cha reli ya kisasa cha Miritini, haina gati mpya za Kipevu, haina barabara ya Dongo Kundu. Copernicus yenyewe inaishia 2015. Palipojazwa kifusi au kuchimbwa mawe baada ya hapo, data inakuonyesha nchi iliyokuwapo.

Mzee mmoja aliyekuwa akinunua ploti huko Utange aliniletea ramani ya aina hiyo kwenye simu. "Mwanangu, hapa pangu pamepakwa buluu. Ninunue nisinunue?" Nilimjibu kwamba rangi ile haiwezi kutofautisha ploti yake na ya jirani. Inachoweza kusema ni kama bonde zima linamwaga maji upande wake, na hilo tuliliangalia pamoja kwa ramani ya mikondo. Halafu nikamwambia aende akaulize wakazi masika yalipofikia.

Ukilazimika kuchora eneo la hatari ufuoni, tumia FABDEM au Copernicus, chora ukanda badala ya mstari, tuseme kila kilicho chini ya mita 6 kiitwe "pa kuchunguza", na mikoko uitoe pembeni kwa rangi yake.

Minara na kuonana

Kwa mafundi wa Wi-Fi na redio, data hii ni hazina ndogo. Fungua "Elevation Profile" katika menyu ya "View", chora mstari kutoka kilima hadi jengo, uone kama kuna kitu katikati. Usisahau mviringo wa dunia: vituo viwili vilivyoachana kilomita 30, ardhi iliyo katikati huvimba kama mita 18 juu ya mstari ulionyooka, na mchoro huo haukuongezei. Ongeza mwenyewe. Majengo ya karibuni ongeza pia.

Kuandika chini ya ramani, na kumwita mpima ardhi

Kila ramani inayotoka mikononi mwako iwe na mstari mmoja chini: jina la data, miaka iliyopimwa, sifuri yake, mfumo wa viwianishi. Kwa mfano: "Mwinuko: Copernicus GLO-30, vipimo vya 2011 hadi 2015, EGM2008, WGS 84 UTM 37 kusini, ni uso wa juu, pamoja na miti na majengo." Data ya SRTM haina masharti ya hakimiliki, ya Copernicus hutaka itajwe. Ihifadhi rasta ya asili bila kuigusa, na kila hatua iwe na faili yake, kwa kuwa utarudi.

Kazi ikihitaji nusu mita, kama mtaro, msingi wa ukuta au kizingiti, mwite mpima ardhi mwenye vifaa vya GNSS (vya setilaiti, kama GPS) vya usahihi wa sentimita. Usimwite kupima eneo zima. Mpe ramani yako ya mikondo, umwekee nukta pale mikondo inapokutana, pale barabara inapoukata mkondo, na pale rasta inapoonyesha tambarare isiyoeleweka. Mwambie vimo unavitaka kwa wastani wa usawa wa bahari, si kwa elipsoidi, na alama ya kuanzia aiandike. Akirudi na nukta zake, zilete ndani ya QGIS, tumia "Sample raster values" kusoma rasta palepale, kisha toa moja kwa nyingine. Ukiona tofauti inafanana karibu kila mahali, unaweza kuiondoa kwenye rasta yote kwa kutoa namba moja. Ikiruka huku na huku, angalia picha ya setilaiti: mara nyingi utakuta mti au paa pale iliporuka, na nukta hizo utaziweka kando kabla ya kukokotoa.